Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Pembe za Ulaya Zisizopigiwa Kelele

Kwa nini niache Paris na Venice niende mahali ambapo hata jina lake sijawahi kulisikia?

Hakuna anayekukataza Paris. Ila ujue unachokikuta. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi mia kadhaa tu, hupokea maelfu ya wageni kwa siku moja ya majira ya joto. Venice, tangu 2024, inawatoza ada wageni wa kutwa katika siku za msongamano. Mtu anakusanya akiba miaka miwili, anahangaikia viza, anafika, halafu anatazama migongo ya watu wengine walioinua simu juu.

Kuna upande mwingine wa bara hilihili ambako mwenye duka bado ana nafasi ya kukuuliza umetoka wapi, na mandhari haipungui hata chembe. Huko ndiko ninakokupeleka hapa.

Nitajie sehemu moja tu ya kuanzia.

Bonde la mto Soča, kaskazini-magharibi mwa Slovenia. Sisiti hata kidogo.

Maji ya Soča ni ya rangi ya zumaridi, na picha unazoziona hazijatiwa chumvi. Mto unashuka kutoka milima ya chokaa ya Alps ya Julian, unapita juu ya mawe meupe, nayo maji ni safi mno. Ukisimama darajani unaona samaki akigeuka chini. Makazi matatu ya kukumbuka ni Bovec, Kobarid na Tolmin. Bovec ni kwa wanaotaka kushuka mto kwa maboti ya mpira. Tolmin ina makorongo membamba yenye njia za kutembea na madaraja. Kobarid ndiyo ningekaa mimi, kwa sababu ina uzuri na pia ina historia nzito.

Kati ya 1915 na 1917, Italia na majeshi ya Austria-Hungaria walipigana mara kumi na mbili kandokando ya mto huu. Pigano la mwisho, la Oktoba 1917, lilivunja ngome za Waitalia hapohapo Kobarid. Mjini kuna jumba la makumbusho linaloeleza habari hizo kwa utulivu, bila kumsifu jenerali yeyote, na mlimani juu yake kuna jengo lenye mifupa ya askari wa Kiitalia zaidi ya 7,000. Vita hivyohivyo, vya kwanza vya dunia, ndivyo vilivyowazoa wapagazi wetu kwa maelfu, kutoka Kenya, Tanganyika na kwingineko, wakafia njiani wamebeba mizigo ya majeshi ya watu wengine. Mwenye kumbukumbu hiyo katika ukoo wake hatasimama pale kama mgeni. Ukishuka kutoka hapo, nenda kwa miguu hadi maporomoko ya Kozjak: maji yanaanguka ndani ya ukumbi wa mwamba uliofunikwa karibu pande zote, na njia yake hata mtoto wa shule ya msingi anaimudu.

Kufika huko ni raha peke yake. Kutoka Ljubljana unapanda treni hadi Jesenice, kisha unaingia kwenye reli ya milimani iliyofunguliwa 1906 na kushuka Most na Soči, ambako kuna mabasi ya kwenda Tolmin na Kobarid. Ukiendelea na reli hiyo kusini utavuka daraja la Solkan, lenye tao la mawe la mita 85. Hakuna daraja jingine la reli duniani lenye tao la mawe pana kulizidi. Njia nyingine ni ya barabara, kupitia mlima wa Vršič, mita 1,611 juu ya usawa wa bahari. Barabara hiyo ilijengwa na mateka wa Kirusi wakati wa vita, na Machi 1916 theluji iliporomoka ikawafunika wengi wao. Kikanisa chao cha mbao kingali pale kando ya njia. Wakati wa baridi barabara hiyo hufungwa kwa kawaida.

Na ziwa Bled je?

Pitia asubuhi mapema, kisha endelea hadi Bohinj. Ni ziwa kubwa zaidi, limezungukwa na milima, na kando yake hakuna msururu wa hoteli.

Nina siku kumi. Nizunguke nchi ngapi?

Moja. Mbili kama zinapakana. Najua nauli ya ndege ni kubwa na moyo unataka kuona kila kitu kwa mkupuo, lakini anayezunguka nchi sita kwa siku kumi huwa ameona vituo vya treni. Kaa usiku tatu au nne mahali pamoja. Siku ya kwanza unajua njia, siku ya pili muuza mkate anakutambua, siku ya tatu ndipo unaambiwa habari za bustani au kijito ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha wageni.

Viza inakuwaje?

Nchi 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizokubaliana kufuta ukaguzi wa mipaka kati yao, hutumia viza moja. Bulgaria na Romania sasa zimo kikamilifu, tangu Januari 2025. Ukishaipata, unaruhusiwa kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, ilimradi viza yako imeandikwa siku hizo. Usidhani kila mtu anapewa 90. Soma kibandiko chako.

Maombi hupelekwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Kwa hali ya foleni za miadi zilivyo, nakushauri uanze miezi mitatu au minne kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipiwa nusu, aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe bado hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa ile utakayoingia kwanza. Hapa ndipo wasafiri wa pembe zisizojulikana hujikwaa, maana nchi nyingi ndogo hazina ubalozi wao Nairobi, Dar es Salaam au Kampala na huwakilishwa na nchi nyingine, au hukutaka uende mji wa nchi jirani. Uliza hilo kabla ya kukata tiketi yoyote. Wala usiandike Paris kwenye fomu ili uonekane msafiri wa kawaida huku unakusudia kwenda Maramureș, kaskazini mwa Romania. Andika ukweli, eleza kwa nini unakwenda, ambatanisha mipango ya malazi na usafiri, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni na barua ya mwajiri au hati za biashara yako. Afisa akiona safari yenye mantiki, hata kijiji asichokijua hakimtishi.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu. Isome kwa makini. Una haki ya kukata rufaa kwa taratibu za nchi iliyokunyima.

Ninaishi Ujerumani kwa kibali cha makazi. Bado nahitaji viza?

Kwa nchi za Schengen, hapana. Kibali halali pamoja na pasipoti vinatosha kutembelea nchi wenzake kwa siku 90 ndani ya 180. Uingereza na Ireland ni habari nyingine, zina viza zao.

Nchi za Balkani zilizo nje ya Schengen zinafaa?

Zinafaa sana, hasa Albania na Bosnia. Pia ndizo zinazopunguza gharama: chakula na malazi ni nafuu ukilinganisha na Uswisi au nchi za kaskazini. Lakini kumbuka jambo moja lililowaharibia wengi safari: viza ya Schengen ya kuingia mara moja hufa unapotoka. Ukitoka Croatia, iliyo ndani ya Schengen, kwenda Bosnia na viza ya namna hiyo, huwezi kurudi. Omba ya kuingia mara nyingi. Baadhi ya nchi za Balkani humpokea mwenye viza hiyo bila kumtaka viza nyingine, kwa masharti yanayotofautiana kwa uraia wa mtu na hubadilika, kwa hiyo thibitisha na wizara ya mambo ya nje ya nchi unayokwenda, usitegemee maneno ya dalali.

Huko Albania, anza na Gjirokastër. Ni mji wa mawe juu ya mlima, mapaa yake ni vipande vya mawe ya kijivu, na nyumba za enzi za Waturuki zimejengwa kama ngome: chini ghala, juu vyumba vya wageni vyenye dari za mbao zilizochongwa. UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia 2005, na Berat ikaunganishwa nao 2008. Berat ndiyo ile yenye nyumba nyeupe zilizopandana mlimani, madirisha yote yakitazama mto. Ukitaka milima, nenda kaskazini: feri ya ziwa Komani inapita kati ya kuta za miamba, halafu kuna njia ya miguu kati ya Valbonë na Theth, mwendo wa saa sita hadi nane kuvuka mlima. Sio ya kila mtu, na kabla ya Juni theluji inaweza kuwa bado njiani. Lakini mwenye magoti mazima asiikose. Kuna pia mto Vjosa, uliofanywa hifadhi ya taifa Machi 2023 baada ya wanaharakati kuupigania kwa miaka dhidi ya mabwawa ya umeme. Unatiririka unavyotaka, unapanuka na kujigawa katikati ya changarawe, jambo ambalo mito mingi ya Ulaya ilishanyang'anywa.

Mimi ni Mwislamu. Kuna sehemu ambazo sitajihisi niko mbali na dini yangu?

Ziko, na baadhi zitakushangaza.

Blagaj, karibu na Mostar huko Bosnia: nyumba ya masufi imejengwa chini ya jabali refu, pale ambapo mto Buna unatoka pangoni ukiwa tayari ni mto kamili. Watu wanavua viatu, wanaingia, wanakaa kimya. Mostar yenyewe inajulikana kwa daraja lake la 1566 lililobomolewa vitani Novemba 1993 na kufunguliwa tena 2004. Ni pazuri, ila mchana hapapitiki kwa watu. Lala Blagaj, uende Mostar alfajiri. Nyama halali ni jambo la kawaida katika miji ya Wabosnia Waislamu. Albania pia ina Waislamu wengi, lakini nguruwe huuzwa kwenye mikahawa, hivyo uliza.

Kruszyniany, kaskazini-mashariki mwa Poland: kijiji chenye msikiti wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Wenyeji wake ni wazao wa Watatari waliopewa ardhi na mfalme Jan Sobieski mwaka 1679 kwa kumtumikia vitani. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni kanisa la kijijini, hadi uone mwezi juu ya mnara. Wanawake wa huko hupikia wageni vyakula vya Kitatari. Mpaka wa Belarus uko jirani na askari ni wengi, hivyo tembea na pasipoti yako halisi na usisogelee mstari wa mpaka.

Mértola, kusini mwa Ureno: kanisa kuu la mji lilikuwa msikiti, na nyuma ya madhabahu mihrabu bado ipo, na milango yenye matao ya kiatu cha farasi pia. Mji wenyewe umekaa juu ya mto Guadiana, mweupe, wenye joto kali Julai.

Kuna mahali panapogusa historia yetu moja kwa moja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Nenda Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf. Ni bustani kubwa mno ya miti na vidimbwi, moja ya makaburi makubwa kabisa duniani, hata basi linapita ndani yake. Humo amezikwa Sayyida Salme binti Said, binti wa sultani wa Zanzibar, aliyetoroka kisiwani 1866 na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Mumewe alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu alizoandika kwa Kijerumani zilichapishwa 1886. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Wazanzibari wengi wanaoishi Ujerumani hupita Hamburg mara kwa mara na hawajawahi kufika pale. Mimi naona ni wajibu kumzuru, japo kumsomea dua.

Tübingen, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ni mji wa chuo kikuu cha tangu 1477, wenye nyumba za rangirangi zilizojipanga kando ya mto Neckar na mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo, kama ngalawa zetu kwenye maji madogo. Derendingen, sasa mtaa wa mji huo, ndiko alikozaliwa 1810 Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari wa Rabai aliyekusanya kamusi ya Kiswahili.

Na ukiwa Ureno, fika Sines, mji wa bandari wa pwani ya Alentejo. Vasco da Gama alizaliwa hapo. Miaka mia moja hivi baada yake kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498, Wareno walijenga Fort Jesus. Kuta za ngome ya Sines ni ndogo na mji ni wa kawaida tu. Kwa mtu wa Mombasa, kukaa pale na kuitazama bahari wao waliyoondokea kuna uzito wake. Fukwe za kusini yake, kuelekea Vila Nova de Milfontes, ni za kupendeza sana, lakini maji ni ya baridi, usitarajie Nyali.

Nataka mji wa zamani Italia, ila sio Roma wala Florence.

Matera. Watu waliishi humo mapangoni kwa karne nyingi, wengine chumba kimoja na punda wao, hadi umaskini wao ukawa aibu ya taifa na sheria ya 1952 ikawahamisha kwenye nyumba mpya. Mapango yakabaki matupu, kisha yakafufuliwa, na UNESCO ikayatambua 1993. Sasa kuna hoteli ndani ya mapango, na bei zimepanda. Nenda Novemba au Machi, panda treni ndogo kutoka Bari, vuka korongo upande wa pili uutazame mji mzima kutoka ng'ambo, na utafute makanisa yaliyochongwa mwambani yenye picha za watakatifu zilizofifia. Mkate wa Matera nunua mzima, unakaa wiki.

Romania inahusu nini zaidi ya hadithi za Dracula?

Inahusu mbao. Maramureș, kaskazini kabisa, ina makanisa ya mbao yenye minara mirefu iliyochongoka. Manane kati yake yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1999. Malango ya nyumba za kawaida yamechongwa kwa nakshi, na mtu wa Lamu atasimama mbele yake kwa muda mrefu akilinganisha mikono ya mafundi. Katika kijiji cha Săpânța kuna makaburi yenye misalaba ya buluu: tangu 1935 fundi Stan Ioan Pătraș alichonga juu ya kila msalaba picha ya marehemu, mara nyingi akiwa kazini, na chini yake shairi ambamo marehemu anajieleza mwenyewe, pamoja na ulevi wake na ugomvi na mama mkwe. Pătraș alifariki 1977 na mwanafunzi wake akaendeleza. Watu wa kijiji wanaukubali ukweli huo juu ya jamaa zao, na hilo linanigusa kuliko makumbusho mengi ya marumaru.

Kutoka Vișeu de Sus kuna treni ndogo ya mvuke iendayo msituni, reli iliyojengwa kwa ajili ya kusomba magogo. Weka nafasi mapema Agosti.

Wakati gani mzuri?

Mei mwishoni hadi Juni, au Septemba. Julai na Agosti Wazungu wenyewe wako likizo na kusini ni joto la kuunguza. Novemba hadi Machi ni kwa miji kama Matera na Tübingen. Milimani mengi hufungwa. Desemba kaskazini, jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Visiwa vya Faroe vinawezekana?

Vinawezekana, lakini viza ya Schengen ya kawaida haivihusu. Unaomba kwa ubalozi wa Denmark na viza lazima itaje Faroe kwa jina. Ni ghali, kuna mvua, na maporomoko ya Gásadalur yanayoangukia baharini yanalipa yote hayo. Kijiji hicho hakikuwa na njia ya gari hadi mlima ulipotobolewa mwanzoni mwa karne hii.

Naweza kusafiri bila gari?

Slovenia, Poland na Ujerumani, ndiyo. Maramureș na ndani ya Ureno, utapoteza nusu ya siku ukisubiri basi, kwa hiyo kodi gari na uwe na leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani. Albania mabasi madogo yapo na huondoka yakijaa, utaratibu usiohitaji maelezo kwa mtu wa kwetu. Jumapili vijijini karibu kila nchi huduma hupungua. Panga siku hiyo iwe ya kukaa.

Mimi ni mweusi. Vijijini nitapokewaje?

Utatazamwa. Mara nyingi ni udadisi, na salamu kwa lugha yao hulainisha mambo haraka kuliko unavyofikiri. Jifunze maneno matano kabla hujafika. Lakini sitakudanganya kwamba ubaguzi haupo. Soma maoni ya wageni weusi waliotangulia kabla ya kuweka nafasi, na ukihisi nyumba au baa haikutaki, ondoka bila kujieleza. Ndani ya treni karibu na mipaka polisi hukagua watu, na wewe una uwezekano mkubwa wa kuulizwa kuliko jirani yako. Kuwa na pasipoti halisi, nakala kwenye simu haitoshi. Namba ya dharura 112 hufanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya, bila malipo.

Mama anakuja kututembelea kutoka Tanga. Hapandi milima na baridi haiwezi. Tumpeleke wapi?

Piran, Slovenia, mwezi Juni au Septemba. Ni mji mdogo wa pwani uliotawaliwa na Wavenice kwa karne nyingi, uwanja wake uko hatua chache kutoka majini, na magari ya wageni huachwa nje ya mji, hivyo anatembea kwa nafasi yake. Mpeleke pia mashamba ya chumvi ya Sečovlje, dakika chache kwa gari, ambako chumvi huvunwa kwa mikono hadi leo. Mtu aliyeona mashamba ya chumvi ya pwani yetu atakuwa na maswali mengi ya kuwauliza wale wafanyakazi, nao hufurahi kujibu. Samaki wabichi wapo kila mkahawa. Mwekeeni tu koti jepesi na soksi kwa ajili ya jioni, na chagueni chumba cha ghorofa ya chini, maana nyumba za zamani za Piran zina ngazi nyembamba na lifti ni chache.